Kabla ya Kuchapa, Tusome kwa Sauti

(Hotuba iliyotolewa mbele ya kamati za parokia, Mkunya, wilayani Newala)



Tunaishukuru kamati ya Mkunya kwa kutupa nafasi hii. Sisi ni kikundi kidogo cha watunzi wa tenzi za ibada: makatekista, walimu, akina mama wa kwaya, na mkulima mmoja wa korosho ambaye hutunga akiwa shambani na kutuletea beti zote kichwani. Tumekuja kueleza mpango wetu wa kuchapisha kitabu. Tunajua wengi mnatarajia tuombe fedha za uchapaji. Tutaziomba, lakini si leo, na sababu tutaieleza.

Hatuanzi jambo geni. Chini ya uwanda wetu wa Makonde, kule Ndanda, watawa Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1906, na baadaye misheni hiyo ikawa na uchapaji wake. Huko ndiko ulikochapishwa Utenzi wa Enjili Takatifu wa Mathias Mnyampala, miaka ya 1960. Sisi wa juu tumezoea kusema kwamba mvua inanyesha kwetu, inazama mchangani, kisha maji yanatokea Ndanda. Inaonekana hata vitabu hufuata njia hiyo hiyo.

Mnyampala alizaliwa Ihumwa, Dodoma, mwaka 1917. Alikuwa Mgogo, mtu wa bara, tena Mkatoliki. Lakini alipotaka kuisimulia Injili hakutafuta mtindo wa mbali. Alichukua utenzi, ambao Waislamu wa pwani waliulea kwa karne nyingi: ubeti wa vipande vinne, mizani nane kila kipande, vipande vitatu vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kinachofunga beti zote tangu mwanzo hadi mwisho. Alifariki mwaka 1969, akiwa amejulikana nchi nzima kwa ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana ambayo wengi wetu tuliyaimba shuleni tukiwa tumepanga mistari juani.

Utenzi ulitungwa ili usikike. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, na wosia ule ukaenea kwa wanawake wengi ambao hawakuwahi kushika maandishi yake. Walisomewa, wakakariri, wakawafundisha watoto wao. Nasi hatuoni aibu kukiri deni hili. Mizani zetu za mwanzo zilikuwa zinachechemea, na aliyetunyoosha ni jirani yetu Mwislamu, mzee wa madrasa, aliyekaa nasi jioni kadhaa akihesabu kwa vidole na kucheka.

Labda mtauliza, nyimbo za kanisa hazitoshi? Tunazipenda na tunaziimba. Lakini nyingi zilifasiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza, na tuni zikabaki zile zile. Neno la Kiswahili huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni nyingi za kigeni huangukia silabi ya mwisho. Basi tunalivuta neno mpaka linavunjika, na mtoto anaimba miaka kumi bila kujua anachokisema. Utenzi hauvunji neno.

Sasa tuje kwenye kosa letu, maana wafadhili wana haki ya kulisikia kutoka kwetu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulipata msaada mdogo tukachapa kijitabu. Tuliharakisha ili taarifa ya mradi iende na idadi ya nakala. Herufi zilikuwa ndogo, kwa sababu tulitaka kubana kurasa. Hatukuwahi kukisoma mbele ya jumuiya hata moja. Tuliviweka kwenye stoo ya kanisa, tukauza vichache Jumapili mbili tatu, kisha masika yakaingia. Tulipofungua yale maboksi, mchwa walikuwa wamesoma kuliko waumini. Katika taarifa tuliandika kwamba vijitabu "vimesambazwa". Leo tunasema mbele yenu kwamba neno lile halikuwa la kweli.

Baada ya hapo tulianza kuzunguka kwenye jumuiya bila kitabu chochote, tunakaa na kusikiliza. Katika jumuiya moja, mama ambaye hakupata kusoma shule alitupa ubeti huu, alioutunga mabomba yalipokauka akawa anateka maji bondeni:

Ndoo kichwani nabeba,
Kilima kirefu, Baba,
Hata koo lanikaba,
Nipe pumzi nifike.

Mzee wa madrasa alihesabu, hakukuta kosa. Ila ndani ya kikundi chetu kulitokea ubishi mkubwa. Baadhi walisema kipande cha tatu ni malalamiko, na kitabu cha ibada hakipaswi kulalamika. Wakapendekeza kiwe cha kushukuru. Tulijadiliana vikao viwili, na ukweli ni kwamba karibu tugawanyike. Mwishowe tulifungua Zaburi, tukaona ni ngapi zinazoanza kwa kilio, tukakiacha kipande kama mwenyewe alivyokitoa.

Lakini yeye tulipomweleza kwamba ubeti wake utaingia kitabuni, hakufurahi kama tulivyotarajia. Alituuliza: "Mkishauweka kitabuni, mimi nitausomaje?" Tulikosa jibu. Mpango tulionao sasa umetokana na swali hilo.

Tunaomba kila kamati ituteulie msomaji mmoja, mwenye sauti na subira, mwanamke au mwanamume. Tutamfundisha kughani, maana kusoma utenzi kama tangazo la mnada ni kuuua. Kuanzia Kwaresima, msomaji huyo atasoma beti chache kila wiki katika jumuiya, na pale wafiwa watakaporidhia, penye msiba pia. Ubeti ambao watu wataudaka na kuurudia utabaki. Ule ambao hautarudiwa na yeyote tutauondoa, hata ukiwa wa mwenyekiti wetu (naye yupo hapa, amekwisha kukubali). Tutarekodi sauti za watunzi kwa simu, ili asiyesoma ajisikie mwenyewe na wajukuu wamsikie. Hapo ndipo tutakapokuja kwa wafadhili na hesabu ya uchapaji: nakala chache kwanza, herufi kubwa za kusomeka kwa taa hafifu, na jina la kila mtunzi chini ya ubeti wake, akipenda.

Wafadhili wetu, tunajua fomu zenu zina mahali pa kujaza idadi ya vitabu. Kwa mwaka huu wa kwanza sehemu hiyo tutaandika sifuri. Tunawaomba msituhesabie kwamba tumekaa bure. Tunachohitaji kwa sasa ni nauli za wasomaji kutoka vijiji vya mbali, chakula cha siku tatu za mafunzo, na miwani ya kusomea kwa wazee wawili miongoni mwetu. Makadirio yako kwenye karatasi mliyogawiwa mlangoni.

Majina ya wasomaji tungependa kuyapata kabla msimu wa korosho haujaanza, kwa kuwa ikifika Oktoba hakuna atakayetusikiliza, na sisi wenyewe tutakuwa mashambani. Yule mama wa ubeti wa maji amekubali kuwa wa kwanza kufundisha. Atakuwapo kwenye mafunzo siku zote tatu, naye ameomba akae mbele, kwa sababu sauti yake ni ndogo.