Kuirudisha tokeni iliyofungashwa katika asili yake kwa ajenti wa akili bandia: tahadhari kwa wafanyabiashara wa Kamango, Beni na Butembo

  

Kabla ya yote: mada hii haimshauri mtu yeyote anunue sarafu za mtandaoni. Pesa halali ya nchi ni franka ya Kongo, na mwenye swali la sheria aende Benki Kuu. Lakini vijana wetu wanazo tayari sarafu hizo, na hatari ya barabara ya Mbau–Kamango tunaijua; kila njia ya kutobeba noti mfukoni itapata wateja.

Maelezo niyapitie haraka. Ether ndiyo sarafu asili ya mtandao wa Ethereum, lakini haifuati kanuni ya ERC-20 inayofuatwa na tokeni nyingi za humo. Kwa hiyo watu huiweka ndani ya mkataba wa mtandaoni na kupewa WETH 1, yaani Ether iliyofungashwa, kwa kila Ether 1. Anayeweka dola kwenye M-Pesa ameshaelewa: dola imebaki mahali, wewe umeshika yuniti. Goma ilitufundisha mwaka 2025, benki zilipofungwa, kwamba yuniti ina thamani kadiri mlango wa kutokea ulivyo wazi. WBTC, yaani Bitcoin iliyofungashwa, iliyoanza Januari 2019, ina mlango mwembamba zaidi: Bitcoin yenyewe inatunzwa na kampuni, na mtu wa kawaida haruhusiwi kwenda kuidai, anaiuza tu sokoni. Ajenti wa akili bandia, naye, ni programu unayoiandikia "nirudishie Ether yangu", ikachagua chombo na kutuma amri yenyewe. Basi.

Sasa nifike kwenye shida ambayo nimeisema katika vikao vingi mpaka wengine wananikwepa. Kila amri kwenye Ethereum ina ada, na ada hiyo hulipwa kwa Ether asili. Aliyefungasha Ether yake yote hadi tone la mwisho ana WETH za kutosha, ila hana cha kulipia mlango. Ajenti asiyefundishwa vizuri anajaribu, anakataliwa, anajaribu tena, kisha anamwambia mteja kuna hitilafu ya mtandao. Mtu wa Kamango anaamini, maana mtandao wetu kweli hukatika! Anangoja kesho. Kesho ada bado haipo.

Kosa la pili halina dawa. Ukituma Ether kwenye anwani ya mkataba wa WETH, inafungashwa yenyewe. Ajenti akikisia kwamba kinyume chake ni kweli, akatuma WETH kwenye anwani hiyohiyo, inabaki humo daima. Hakuna meneja wa kumpigia simu, hakuna ufunguo wa akiba. Njia sahihi ni kuuamuru mkataba utoe Ether, si kuupelekea tokeni.

La tatu ndilo linaloniudhi, kwa sababu amri inafanikiwa. Kwenye Polygon, mtandao mwingine, WETH imetoka ng'ambo kupitia daraja, yaani chombo cha kuhamisha sarafu kati ya mitandao, na sarafu asili ya huko ni POL. Amri ya kutoa ina jina lilelile, lakini huko inateketeza WETH yako, na Ether inakungoja kwenye Ethereum mpaka upeleke uthibitisho na kulipa ada ya kuidai. Ajenti anaandika "imekamilika". Mteja anatazama pochi: WETH hakuna, Ether hakuna. Atasema ameibiwa, na atakayepigiwa kelele ni mwenye kabini ya pesa za simu aliyemsaidia. Nimewaeleza watengenezaji wa programu; jibu ni kwamba toleo lijalo litajua lenyewe. Sioni kwa nini tungoje.

Kwa hiyo napendekeza ajenti asitume lolote kabla ya kumwonyesha mwenye mali mtandao, anwani ya mkataba, kiasi na ada, kwa Kiswahili. Aangalie kwanza kama Ether ya ada ipo. Ikikosekana aseme wazi ada imekosekana, asisingizie mtandao. Anwani za mikataba ziandikwe ndani ya chombo, ajenti asizitafute wala kuzikisia. Awe na kikomo cha kiasi kwa siku. Maneno ya siri ya pochi asipewe kabisa, hata akiyaomba kwa heshima. Mafunzo ya wenye kabini yaanze na swali kama tokeni imepita darajani, kwani mwezi wa Februari 2022 daraja la Wormhole lilidanganywa, zikatolewa WETH 120,000 zisizo na Ether nyuma yake. Mteja ajaribu kwa kiasi kidogo kwanza. Na narudia, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa: usifungashe Ether yote, acha ya ada.

Naomba waandaaji wa kikao hiki waliingize pendekezo hilo la kuacha Ether ya ada katika ripoti jinsi lilivyo, bila kulilainisha.