Ndoa Ikivunjika, Uzazi Hauvunjiki
(Mazungumzo kwa wazazi wa kambi ya Nyarugusu, Kasulu)

Ndugu wazazi, akina baba na akina mama,

Leo hatusemi juu ya nani aliyekosea ndani ya nyumba. Jambo hilo lina wazee wake. Tunasema juu ya mtoto ambaye baba na mama yake wameachana, na wote wawili bado wamo humu kambini.

Tangu kambi hii ilipofunguliwa mwaka 1996, watu waliotoka Fizi, Uvira na kwingineko Kivu wameoana hapa, wamezaa hapa, na wengine wameachana hapa. Kule nyumbani, wazazi wakigombana, mtoto alikimbilia kwa bibi, kwa shangazi au kwa mjomba. Hapa ukoo umetawanyika. Mara nyingi mtoto ana watu wawili tu, na watu hao hawasemezani. Ugomvi ukiendelea, mdogo aliyeacha kukojoa kitandani huanza tena, na mkubwa huacha shule au hudhani kwamba yeye ndiye chanzo.

Kwanza, kadi ya mgao. Chakula huhesabiwa kwa watu walioandikwa kwenye kadi. Kama watoto wanalala kwa mama na kadi iko mkononi mwa baba, au kinyume chake, watoto watalala njaa. Usiifiche kadi ili kumkomoa mwenzako. Nendeni ofisi ya uandikishaji, mweleze watoto wanaishi na nani. Wala usimvute mtoto kwako kwa ajili ya mgao wake.

Pili, sheria. Wengine husema, "Nilitoa mahari, watoto ni wangu." Wengine husema, "Nilizaa kwa uchungu, hatamwona tena." Nchi tunamoishi ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Inatazama mila za wahusika, lakini inatanguliza ustawi wa mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kwamba ni vema akae na mama, isipokuwa kuna sababu ya kuonyesha vinginevyo. Baba naye haondokewi na wajibu wa matunzo kwa kuwa mtoto yuko kwa mama. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 9, unampa mtoto haki ya kuonana na mzazi asiyekaa naye, ila pale ambapo kuonana huko kutamdhuru. Angalieni vizuri: haki hiyo ni ya mtoto. Ukimficha, umemnyang'anya yeye.

Wazee wanaweza kuwasuluhisha, lakini talaka inayotambuliwa na sheria hii hutolewa na mahakama, na kwa kawaida shauri hupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa.

Tatu, safari. Mzazi mmoja anapotaka kwenda na mtoto nchi ya tatu, na mzazi mwingine yupo, ridhaa ya huyo mwingine hutakiwa, au maslahi ya mtoto huchunguzwa rasmi. Usiseme kwenye mahojiano kwamba mwenzako amekufa au hajulikani aliko wakati unajua anapoishi. Uongo huo ukigundulika, faili lote linaweza kusimama, pamoja na la mtoto. Na wewe unayebakia, usiitumie sahihi yako kulipiza kisasi au kudai fedha. Jiulize jambo moja tu: huyu mtoto atakuwa salama wapi?

Sasa, mfanye nini?

a) Mwambieni mtoto pamoja, kwa maneno machache: "Hatukai tena nyumba moja. Si kosa lako. Sisi bado ni wazazi wako."
b) Pangeni siku ya kuonana na mzishike. Mtoto aliyeambiwa Jumamosi atakaa mlangoni Jumamosi.
c) Msimfanye tarishi. Neno la chumvi, daftari au dawa lipelekwe na mtu mzima.
d) Usimtukane mwenzako mbele ya mtoto. Nusu ya damu yake ndiyo unayoitukana.
e) Akiugua au akifukuzwa shule, mwenzako ajulishwe siku hiyo hiyo.
f) Baba wa kambo na mama wa kambo waheshimiwe, lakini wasilazimishwe kuchukua nafasi ya mzazi aliye hai.

Lipo jambo la kutenga. Kama uliondoka kwa sababu ya kupigwa au kutishiwa, maneno haya hayakulazimishi kukaa meza moja na aliyekupiga. Mweleze mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mtoto anaweza kupokelewa na mtu wa tatu, mahali penye watu, au kuonana kukazuiwa kabisa ikiwa kuna hatari.

Ndugu wazazi, fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Wewe unayesoma karatasi hii, kama kuna mtoto wako upande mwingine wa kambi, mtume leo mtu mzima unayemwamini aulize siku gani mtaonana.