Ufunguo wa Choo Uko kwa Nani?

Maoni yangu leo yanahusu jambo ambalo wengi hulitaja kwa sauti ya chini. Yanahusu choo.

Fikiria ufuo wowote wa samaki alfajiri. Mashua za omena zinarudi, taa zimezimwa. Kina mama wamesimama majini hadi magotini, karai mkononi, kila mmoja akitaka kuwahi. Wapo wabebaji, wapo vijana wa bodaboda, wapo wauza chai na maandazi. Watu hao wote wataenda wapi haja ikiwabana? Ufuo mmoja una choo, lakini kimejaa. Mwingine una choo kizuri, lakini kina kufuli, na mwenye ufunguo hajafika. Wa tatu una kichaka tu. Na hatua chache kutoka kichaka hicho, mtoto anachota maji ya kunywa.

Tarehe 1 Juni 2025 Kenya nzima iliitazama Homa Bay. Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa pale, na mada yake ilikuwa uchumi wa samawati. Nilifurahi, kwa sababu Ziwa Victoria limetulisha miaka mingi bila kupewa heshima yake. Lakini tukizungumza juu ya kukua kwa bandari, tunataja tani za samaki, urefu wa gati na idadi ya mashua. Matundu ya vyoo hatuyataji. Na watu hawaongezeki ufuoni bila kuongeza kinyesi. Hilo halina siasa.

Turudi nyuma kidogo. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za mkoa wa Nyanza wa wakati huo zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu. Waliofariki walikuwa 547. Watafiti walipochunguza ugonjwa ule ulipitia wapi, waligundua mambo matatu: kunywa maji ya ziwa au ya mto, kula pamoja na mtu anayeharisha, na kula kwenye matanga. Vijiji vilivyopakana na ziwa ndivyo vilivyoumia zaidi. Mambo yote matatu, msikilizaji, ni maisha yetu ya kila siku. Maji ya ziwa ndiyo yaliyo karibu. Kula pamoja ndio ujirani wetu. Na matanga hatuwezi kuyakosa.

Maradhi yale hayakuishia hospitalini. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, kwa hofu ya kipindupindu. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lilisema marufuku hiyo haikuwa dawa iliyofaa. Hata hivyo soko lilibaki limefungwa hadi katikati ya 1998. Mvuvi wa mbuta ambaye hakuwa ameugua hata siku moja alikosa mnunuzi. Kwa hiyo anayesema vyoo vinaweza kungoja biashara ikue kwanza, na akumbuke mwaka ule. Uchafu uliifunga biashara.

Je, tulijifunza? Mwanzoni mwa 2015, kipindupindu kilipozuka tena nchini, Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kupigwa. Mwaka wa 2025 Migori ikatajwa tena, pamoja na Kisumu na Nairobi. Kila mara mambo hufuata mkondo uleule. Hoteli za chakula zinafungwa, dawa ya klorini inagawiwa, magari yenye vipaza sauti yanapita mitaani. Wiki kadhaa baadaye wagonjwa wanapungua, magari yanaondoka, na kufuli inarudi mlangoni.

Tena kipindupindu angalau hupiga kelele. Kichocho cha tumbo hunyamaza. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mtu. Yakiingia ziwani huanguliwa, vijidudu vyake hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta wavu. Tunawapa watoto vidonge shuleni, na ni vizuri. Lakini mtoto akimeza dawa asubuhi na jioni akaingia kwenye maji yaleyale, tumefanya nusu ya kazi.

Najua ugumu uliopo. Pwani ya ziwa hili kwingine ni mwamba, kwingine ni udongo mweusi wa mfinyanzi, na shimo ukilichimba karibu na maji hujaa kabla hujalifunika. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1960, likameza nyumba, vibanda na vyoo vya ufuoni. Choo cha shimo peke yake hakitoshi mahali kama hapa. Kunahitajika vyoo vilivyoinuliwa juu ya ardhi, vyenye matangi yasiyovuja, na gari la kunyonya maji taka lenye ratiba inayojulikana na mahali halali pa kumwaga. Hizo ni gharama za bandari, sawa na saruji ya gati.

Na wa kuulizwa anajulikana. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa, na maji safi ya kutosha. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti huduma za afya, uzoaji wa taka, leseni za wauza chakula, maji na maji taka. Orodha hiyohiyo inazipa kaunti vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Anayepokea ushuru wa ufuo na anayepaswa kukagua choo cha ufuo ni serikali moja.

Naye bwana afya hakukosa meno. Sheria ya Afya ya Umma imekuwapo tangu 1921, na inampa uwezo wa kuingia, kukagua, kuamuru uchafu uondolewe, na kumpeleka mkaidi mahakamani. Anachokosa ni pikipiki yenye mafuta, wenzake wa kutosha, na bosi anayeisoma ripoti yake. Mwaka wa 2023 taifa lilipata wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba. Kazi yao naiheshimu. Lakini ufuo si nyumba. Mvuvi anayelala kisiwani Remba leo, kesho akashusha samaki Sori, kesho kutwa akawa Mbita, yumo katika daftari la nani?

Napendekeza mambo matatu, yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, ripoti ya bwana afya ibandikwe kila mwezi ukutani, kwenye banda la kupimia samaki, kwa Kiswahili na Kijaluo. Iseme vyoo vingapi vinafanya kazi, maji yalipimwa lini, na nani aliamriwa kurekebisha nini. Ripoti iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu.

La pili, sehemu ya ada zinazokusanywa ufuoni irudi ufuoni kwa usafi. Kamati za usimamizi wa ufuo, yaani BMU, zilizowekewa kanuni mwaka wa 2007, zinaijua kila mashua na kila mvuvi wake. Zipewe jukumu hilo, na hesabu zake zisomwe mbele ya wanachama.

La tatu, Migori na Homa Bay zibadilishane taarifa siku hiyohiyo mgonjwa wa kwanza anapoonekana. Mashua haisimami kwenye mpaka wa kaunti. Kuna viongozi wanaoogopa kutangaza ugonjwa, wakihofia wanunuzi watakimbia. Wahenga walishatuonya: mficha maradhi kifo humuumbua.

Nawe msikilizaji una kazi. Kesho ukifika ufuoni, kabla hujauliza bei ya omena, uliza ufunguo wa choo uko kwa nani. Ukiambiwa hajulikani, mpigie mwakilishi wa wadi yako, umuulize yeye. Kesho kutwa uliza tena. Ufuo ambao kila mtu anajua ufunguo uko wapi, hapo bandari imeanza kukua.