Nembo Haivaliwi kwa Mapenzi Tu

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wakazi wa Tukuyu wenye umri wanaukumbuka mwaka 1986, Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Shabiki wa timu hiyo akiweka nembo yake kwenye simu au kwenye bajaji, hapotoshi mtu. Kila amwonaye anajua kuwa huyo ni mpenzi wa timu, si mweka hazina wa klabu.

Lakini ziko nembo ambazo mpenzi akizivaa, watu hawaoni mapenzi. Wanaona mamlaka. Mojawapo ni nembo ya Msalaba Mwekundu, na siku hizi imezagaa kwenye mitandao ya kijamii kama picha ya maua. Kijana aliyehudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku mbili anaiweka kwenye picha yake ya WhatsApp. Kikundi cha marafiki wenye nia njema kinafungua ukurasa wa Facebook, kinabandika msalaba ule juu, na chini kinaandika namba ya simu ya kupokelea michango.

Hapo ndipo penye hatari. Sisi wa Rungwe tunaishi kwenye milima na mvua nyingi, na barabara kuu ya kutoka Uyole kwenda Kyela ina miteremko na kona kali. Ajali ikitokea, au udongo ukiporomoka, picha husambaa kabla majeruhi hawajafika hospitali. Nyuma ya picha hufuata namba ya michango. Mama muuza ndizi wa Kiwira mwenye shilingi 2,000 za kutoa hana muda wa kupiga simu Dar es Salaam kuuliza. Anatazama nembo, anaamini, anatuma. Nembo ndiyo imembeba.

Sasa, mwenye nia njema akiizoesha macho ya watu kuona nembo ile kila mahali, amemfungulia mlango tapeli. Watu hawatakuwa tena na njia ya kuwatofautisha. Tusisahau ya Kagera. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu wasiopungua 16. Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli aliwaondoa kazini baadhi ya watendaji kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina kama la akaunti rasmi ya maafa. Jina linalofanana peke yake lilitosha kuwatia watu wasiwasi juu ya michango yao. Je, nembo?

Msalaba Mwekundu, tena, si alama ya kawaida. Alama ya kawaida husajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na hata mashirika yasiyotafuta faida huzilinda alama zao. Mwaka 2002 kampuni ya mieleka ya Marekani ililazimika kuacha herufi WWF na kujiita WWE, baada ya kushindwa mahakamani Uingereza na shirika la hifadhi lenye nembo ya panda. Msalaba Mwekundu una ulinzi mkubwa zaidi. Ulikubaliwa na mataifa mjini Geneva mwaka 1864, kwa kugeuza rangi za bendera ya Uswisi, ili askari akiuona vitani asimpige risasi mganga wala majeruhi. Kifungu cha 53 cha Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949 kinakataza watu binafsi, vyama na makampuni kuutumia bila idhini, wakati wowote, hata wa amani.

Ndiyo maana Msalaba Mwekundu wa Uingereza uliwaandikia watengenezaji wa mchezo mmoja wa kompyuta, kwa sababu ya kijimsalaba chekundu kwenye picha ya gari la wagonjwa. Wengi walicheka. Lakini alama inayoachwa kwenye vitu vidogo haitaheshimiwa kwenye vikubwa.

Wapo watakaouliza: sisi tunawatangazia bure, kosa letu nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba wema hauhitaji kuazima uso wa mtu mwingine. Ukikusanya michango, tumia jina la kikundi chako na wahusika wanaojulikana kijijini. Ukitaka kuunga mkono Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1962, jiunge nacho, changia damu, au sambaza tangazo lake kama lilivyotoka kwenye ukurasa wake. Mwenye duka la dawa atumie msalaba wa kijani. Sanduku la huduma ya kwanza liwe la kijani lenye msalaba mweupe.

Nao wenye nembo wana wajibu. Mtu wa kujitolea aliyeko Mwakaleli au Katumba akiomba kibali, ajibiwe mapema. Akikaa miezi bila jibu, ataibandika mwenyewe. Na tangazo lililo wazi la namba halali za michango, likitoka saa ile ile ya maafa, litawakinga wananchi kuliko barua 10 za onyo.

Ndugu wasikilizaji, ile alama ina nguvu kwa sababu wanaoibeba ni wachache na wanajulikana. Siku ya maafa tutaitafuta kwa macho. Tuhakikishe kwamba siku hiyo, tukiiona, msaada utakuwa umefika kweli.