Kazi ya Urubani wa Ndege
(Mazungumzo mbele ya wanachama na vijana, Jang'ombe)



Tumetakiwa na Halmashauri tuseme machache juu ya kazi ya urubani wa ndege. Sababu mwaijua. Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja alisimama akaomba shauri, kwamba kijana wake amemaliza masomo ya sekondari na hataki kazi nyingine ila kurusha ndege, naye mzee yu tayari kuuza shamba lake la mikarafuu alipe ada. Wengine walimsifu, wengine walicheka. Sisi hatukusifu wala hatukucheka, kwa kuwa tulitumika miaka mingi kwenye mizani ya mizigo katika uwanja wa ndege wa Kisauni, ambao leo waitwa Uwanja wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, na watu wa kazi hiyo tuliwaona kwa karibu, alfajiri wakiingia kazini na usiku wakitoka.

Kila mkaaji wa Jang'ombe aujua mngurumo wa ndege. Lakini si wengi waliopata kuangalia kwamba ndege haziji kwa upande mmoja mwaka mzima. Wakati wa kusi hutua zikitokea upande wetu wa mjini, zikishuka chini juu ya mapaa. Wakati wa kaskazi hutua zikitokea upande wa kusini, nasi huzisikia zikipanda. Njia ya kurukia ndege pale Kisauni imelazwa kaskazini na kusini, na katika ncha zake pameandikwa namba 18 na 36, maana yake ni digrii 180 na 360 za dira. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, kwa kuwa upepo wa mbele huisaidia kubebwa na mbawa zake na hufupisha mbio zake chini. Basi pepo zile zile zilizoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi ndizo zinazoamua hata leo chombo hiki kiingie kwa mlango upi.

Wala neno rubani halikuanzia hewani. Wazee wetu walimwita rubani yule ajuaye njia za maji, miamba na mafungu, ambaye nahodha humtegemea chombo kikaribiapo bandari. Zilipokuja eropleni, lugha yetu haikuhangaika kutafuta neno jipya. Hata taa ni zile za vyomboni: nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia. Nasi twaona kwamba lugha ilihukumu vyema, maana sifa kubwa ya rubani, wa majini na wa hewani, si kujua mahali pa kupita tu, bali kujua mahali pasipopitika.

Nchi zetu si ngeni wa mambo haya. Shirika la East African Airways, ambalo Zanzibar ilikuwa na fungu lake pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika, lilianza safari mwaka 1946 kwa ndege ndogo za de Havilland Dragon Rapide, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa. Siku hizo haikuwa desturi kumwona Mwafrika katika viti vya mbele. Kazi yake ilikuwa kubeba, kusafisha na kuandika. Mwaka 1971 kikafunguliwa chuo cha urubani pale Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa Afrika ya Mashariki. Shirika lile lilikufa mwaka 1977, lakini mlango uliokwisha kufunguliwa haukufungwa tena. Na mabinti wasidhani mlango huo si wao: mwaka 2014 binti wa Kenya, Irene Koki Mutungi, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata cheo cha rubani mkuu wa ndege ya Boeing 787.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Sheria za kazi hii hazitungwi na nchi moja peke yake. Msingi wake ni mkataba uliotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba 1944, na katika nchi yetu msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa vipimo vya kimataifa ngazi ni tatu. Ya kwanza ni leseni ya rubani binafsi: umri usipungue miaka 17, na saa za kuruka zisipungue 40. Mwenye leseni hii aweza kurusha ndege kwa shughuli zake, asipokee ujira. Ya pili ni leseni ya rubani wa biashara: miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyefuata mafunzo ya mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Ya tatu ni leseni ya rubani wa mashirika, ambayo hutakiwa kwa rubani mkuu wa ndege kubwa: miaka 21 na saa 1,500. Kila saa huandikwa katika kitabu cha rubani na kutiwa sahihi, na kuongeza saa moja ya uongo katika kitabu hicho ni khiana kubwa.

Mbele ya ngazi zote hizo pana kizingiti, nacho ni daktari. Atakaye kurusha abiria kwa ujira hupimwa kwa daraja la kwanza: macho, masikio, moyo, mapafu, mishipa ya fahamu na afya ya akili. Miwani si kizuizi, kama macho yanaona vyema yakisaidiwa nayo. Lakini lazima mtu aweze kupambanua rangi zinazohitajika katika kazi. Na cheti hiki si cha maisha. Kwa kawaida hupimwa tena kila baada ya miezi 12, na mwenye umri mkubwa zaidi huweza kutakiwa mara mbili kwa mwaka. Twamjua baba mmoja aliyelipa ada yote kwanza, akampeleka mwanawe kwa daktari mwisho. Kijana akaonekana hawezi kupambanua nyekundu na kijani. Ada haikurudi, na shamba halikurudi.

Baada ya daktari huja elimu. Hesabu, fizikia na jiografia ndizo nguzo. Kisha chuoni hufundishwa sheria za anga, hali ya hewa, uongozi wa njia, mitambo, na udhaifu wa mwanadamu mwenyewe, yaani jinsi uchovu na haraka zinavyomdanganya. Kiingereza nacho kina mtihani wake: kwa safari za kimataifa rubani lazima afike walau ngazi ya 4 katika ngazi 6, kwa kuwa aongeapo na mnara wa kuongozea ndege, neno moja likisikika vibaya laweza kuleta msiba.

Ama gharama, hatutaki kuwaficha. Mafunzo hadi leseni ya biashara, pamoja na kuishi ugenini, aghalabu hupita shilingi milioni 100. Tena mwenye saa zake 200 hajahakikishiwa kazi. Mashirika mengi hutaka mtu mwenye saa zaidi, naye kijana hawezi kuzipata saa bila ya kazi. Wengi hungoja, wengi huanzia katika ndege ndogo, na wengine hukata tamaa. Haya yasemwe kabla ya shamba kuuzwa, yasingoje kusemwa baadaye.

Na kazi yenyewe ni nini? Vijana hudhani ni miwani ya jua na mabega yenye mistari. Mabwana, kazi hii yafanana na kazi yetu ya ofisini kuliko mnavyodhani. Rubani hufika mapema, akasoma taarifa za hali ya hewa ya aendako na ya njiani, na matangazo juu ya viwanja. Hupiga hesabu ya mafuta: ya kufika, ya kwenda uwanja mwingine kama alikokusudia hakutuliki, na ya akiba juu yake. Huizunguka ndege kwa miguu, akitazama mbawa, magurudumu na mitambo. Huikagua karatasi yetu ya mizani, kwa kuwa katika ndege ndogo kama Cessna Caravan, yenye injini moja na abiria kumi na kitu, haitoshi kujua uzito wote. Lazima ijulikane umekaa wapi, mbele au nyuma, kama shehena ya jahazi inavyopangwa ili chombo kisilale. Kisha huja orodha ya ukaguzi. Palipo na marubani wawili, mmoja husoma, mwenziwe hujibu, neno kwa neno, na mwenye saa 10,000 hufuata orodha ile ile anayofuata mwenye saa 200. Hakuna anayesema, "Hii naijua kwa moyo."

Wala kosa la kazi hii si kama kosa letu, ambalo hufutwa kesho kwa wino mwekundu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikikaribia Bukoba. Walikuwamo watu 43. Walifariki 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Mwenyezi Mungu awarehemu. Rubani huketi katika chombo kile kile alichowapakia wenziwe, tena mbele yao.

Sasa tutawasimulia jambo letu wenyewe, ingawa halitupi sifa. Mwaka mmoja wakati wa masika tulipata khabari ya msiba Pemba: ndugu yetu, tumbo moja, amefariki usiku, na maziko ni baada ya adhuhuri. Tulifika uwanjani mapema, tukapata nafasi katika ndege ndogo. Rubani alikuwa binti, umri wa wajukuu zetu. Akasoma taarifa, akatazama wingu lililosimama upande wa kaskazini kama ukuta, akasema safari haitaondoka mpaka hali ibadilike. Tukamwendea. Alitusalimu, "Shikamoo, mzee wangu." Kwa hasira hatukumwitikia. Tukamwambia kwamba sisi tulianza kazi uwanjani hapo kabla yeye hajazaliwa, kwamba tumeona ndege zikiondoka katika mvua kubwa kuliko ile, na kwamba maiti hangoji. Abiria wengine wakatuunga mkono. Binti yule alisikiliza mpaka tukamaliza, akasema kwa sauti ya chini: "Nakupa pole kwa msiba, mzee wangu, na unisamehe. Kwa hali hii sikupeleki."

Wingu lilifunguka laasiri. Tulifika Pemba jioni, watu wamekwisha zika, na tulichokiona ni udongo mbichi.

Kwa siku nyingi tuliuliza moyoni: je, tungeondoka asubuhi, tungeanguka? Hakuna ajuaye. Huenda tungefika salama tukamzika ndugu yetu kwa mikono yetu. Hapo ndipo tulipoijua kazi ya urubani, sisi tuliodhani tunaijua kwa kuwa tulishika mizani yake. Msiba ulioepukwa hauna ushahidi. Rubani akikataa kwa haki, hapati shukrani. Hupata lawama za watu walio hai, na watu hao ni hai kwa sababu hiyo, au pengine si kwa sababu hiyo. Lazima aweze kuubeba mzigo wa kutojua, na kesho yake afanye vivyo hivyo.

Mabwana na mabibi, hili ndilo tunalotaka mwende nalo nyumbani. Sisi watu wa visiwa hivi twawalea watoto wetu kuwatii wakubwa, na ni malezi mema. Lakini mtoto atakayekuwa rubani atakutana na wakubwa watakaomhimiza: tajiri mwenye haraka, mheshimiwa mwenye mkutano, mzee mwenye maiti. Akitii, aweza kuwaua kwa utiifu wake. Tena asiwe na kiburi, kwa kuwa mwenye kiburi hasikii rubani mwenziwe akimwonya. Yatakiwa awe na shikamoo na "sikupeleki" katika kinywa kimoja. Jambo hili halifundishwi kwa saa 200. Huanzia nyumbani, pale mtoto aonapo kosa la baba yake na akaruhusiwa kulisema kwa adabu.

Basi kwa mwenzetu aliyeomba shauri twasema hivi. Kwanza, mpeleke kijana kwa daktari aliyeidhinishwa kwa upimaji wa marubani, kabla ya kumwona mnunuzi wa shamba. Pili, hakikisha katika Mamlaka kwamba chuo kimeidhinishwa, wala usilipe ada yote kwa mkupuo; aanze na leseni ya rubani binafsi, muone moyo wake na uwezo wake, kisha msonge mbele. Tatu, mwangalie anapokosea: je, husema "nimekosa," au hutafuta wa kumsingizia? Kama hayo matatu yametimia, nasi twaiomba Halmashauri ifikirie mchango wa chama, kwa kuwa si haki mtu mmoja auze mikarafuu yake yote na wengine tukae tukingoja kujisifu kwamba rubani ni wa mtaa wetu.

Yule binti alikuja kwetu siku ya hitma. Hatukujua nani aliyemwonyesha nyumba. Alivua viatu mlangoni akatusalimu kama siku ile, "Shikamoo, mzee wangu." Mara hii tulimwitikia marahaba, tukampa mahali pa kukaa.

Tumemaliza. Wenye maswali waulize, na vijana waanze.