Kipima Unyevu Kabla ya Roboti

Msikilizaji, tangu Wajerumani watangaze mpango wao wa viwanda vya kidijitali huko Hannover mwaka 2011, kila kongamano linatuahidi mashine zinazojiendesha zenyewe. Sasa njoo Mvumi, wilayani Chamwino, kwenye mashine ndogo ya kukamua alizeti. Fundi anaivunja mbegu kwa meno kujua kama imekauka, kisha anakaza mashine kwa mazoea. Akikosea, mafuta yanabaki ndani ya mashudu, na hasara anaibeba mkulima.

Kwa maoni yangu, teknolojia ianzie hapo: kipima unyevu cha mkononi, mizani ya kidijitali ambayo mkulima anaisoma mwenyewe, na simu ya kuandikia kila gunia limetoa lita ngapi. Na tusiseme wanakijiji wanaogopa vitu vipya. Mita za umeme za LUKU wamezizoea, pesa za simu ndiyo usiseme. Kinachowakatisha tamaa ni kifaa kuharibika huku fundi wake yuko Dar es Salaam. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, iwafundishe vijana wa hapa hapa kutengeneza vifaa hivyo, tena kabla ya mavuno yajayo.