Jenereta Inanguruma, Taa Haziwaki

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika kuhusu utunzaji wa mali za miradi)



Nimepewa dakika kumi na tano niseme juu ya jenereta, nami naanza na kosa langu mwenyewe. Zahanati ya usharika wetu mmoja ilileta taarifa kwamba jenereta yake ya petroli imekufa, na kwamba muuguzi amemzalisha mama kwa mwanga wa simu. Kwa huruma na kwa haraka niliwaandikia wafadhili kuomba jenereta mpya kabla sijaiona ile iliyopo. Nilipofika, injini iliwaka kwa kuvuta kamba mara mbili tu. Ilizunguka vizuri kabisa, ila umeme haukutoka. Ikabidi niandike barua ya pili kuifuta ya kwanza. Barua ile haikuwa rahisi kuiandika.

Ndugu zangu, jenereta ni mashine mbili zilizofungwa pamoja: injini, na sehemu inayozalisha umeme. Moja inaweza kuugua na nyingine ikawa nzima.

Anzeni na yasiyo na gharama. Chomoeni vifaa vyote, kisha rudisheni swichi ya usalama iliyo kwenye paneli. Huruka mzigo unapozidi. Ikiruka tena wakati hakuna kifaa kilichochomekwa, kuna hitilafu ndani. Jaribuni soketi zote kwa taa moja inayochomekwa moja kwa moja, si kupitia waya mrefu wa kuungaunga. Nimeshaona kamati ikilaumu jenereta kwa kosa la waya.

Taa zikiwaka kwa kufifia, fikirieni mwendo wa injini. Jenereta nyingi ndogo za petroli tunazotumia huzunguka mara 3000 kwa dakika ili zitoe umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, karibu volti 230. Kabureta au chujio la hewa likiwa chafu, mwendo hushuka chini ya mzigo. Lakini asitokee mtu wa kukaza skrubu ya mwendo bila mita, maana volti zikipanda mtaunguza friji ya chanjo.

Sasa nije kwenye ugonjwa wa ile ya zahanati. Ndani ya jenereta, chuma kinachozunguka hubaki na sumaku kidogo hata injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka, sumaku hiyo huzalisha volti chache. Kidhibiti volti, ambacho mafundi hukiita AVR, huzichukua na kuzirudisha kwenye koili inayozunguka kupitia brashi za kaboni. Sumaku inakua, na umeme unajijenga hadi kufikia kiwango chake. Jenereta ikikaa miezi mingi bila kuwashwa, sumaku ile ya mwanzo huweza kupotea. Ile yetu ilikaa miezi minane.

Mita ikionyesha volti chache tu, sumaku ipo lakini haikuzwi: tazameni brashi na AVR. Ikionyesha sifuri, huenda sumaku yenyewe imepotea. Fundi alikuta brashi moja imekwama kwa vumbi, na pete zake zimeshika kutu. Alizisafisha kwa msasa laini, akatenganisha nyaya za brashi na AVR, injini ikiwa inazunguka akagusisha betri ya volti 12 kwa sekunde chache, chanya kwa chanya. Aliporudisha nyaya, taa ziliwaka. Kama umeme ungeonekana wakati wa betri, hata ukiwa pungufu, kisha ukapotea baada ya kurudisha nyaya, tungenunua AVR. Kama usingeonekana kabisa, tungeshuku koili. Fundi wa kwanza alikuwa ameshatoa bei ya kusuka koili upya bila hata kufungua kifuniko cha brashi!

Kazi hii si ya mlinzi wala ya mwinjilisti. Ziko pia jenereta zisizo na brashi, zenye kapasita, na kapasita huweza kumpiga mtu shoti hata mashine ikiwa imezimwa.

Tena, msiwashe jenereta ndani ya chumba wala barazani karibu na dirisha la wodi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Na ule waya wenye plagi pande zote mbili, wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, nikiukuta nitaukata. Unarudisha umeme kwenye nguzo, na kule juu yuko fundi wa shirika la umeme anayeamini laini imezimwa. Fungeni swichi ya kubadilishia.

Kwa wafadhili wetu ombi ni dogo: mnapotoa jenereta, ongezeni seti ya brashi na mita moja. Kwa kamati: iwasheni kila mwezi kwa nusu saa ikiwa na mzigo, toeni mzigo kabla ya kuizima, na andikeni saa katika daftari. Mita ya dayosisi iko ofisini kwangu. Inaazimwa kwa kusaini, na irudi ndani ya siku saba.